Tecno Ilijua Kututazama

Mwezi wa tatu mwaka 2025, kwenye maonyesho makubwa ya simu kule Barcelona, Infinix walionyesha simu yenye paneli ya sola mgongoni. Unaiweka juani, inajichaji. Nilipoona picha zake nilicheka peke yangu, kwa sababu kwetu ni Nuu, upande wa mashariki wa Mwingi, na jua ni kitu pekee ambacho hatujawahi kumwomba mwanasiasa yeyote atuletee. Halafu nikasoma mpaka chini, nikakuta ni kielelezo tu. Yaani iko, lakini haiuzwi. Iliwekwa mezani ipigwe picha, waandishi wakaandika, basi.

Nataka kuizungumzia hiyo meza.

Kila Septemba Apple wanapotoa iPhone mpya, mitandao yetu hujaa swali lile lile: hawa jamaa bado wanavumbua, ama wanabadilisha rangi tu? Ni mjadala mtamu, na mimi huingia bila kuitwa. Lakini ni mjadala wa kuazima. Shuka stendi ya Mwingi uhesabu simu zilizo mikononi mwa watu, lile tofaa lililoumwa utaliona mara chache sana. Utaona Tecno, utaona itel, utaona Infinix. Na kama wewe bado unabishana na rafiki yako ni ipi kali kati ya hizo, pole, zote ni za nyumba moja: Transsion, kampuni iliyoanza mwaka 2006, makao yake Shenzhen. Karibu nusu ya simu janja zinazouzwa Afrika ni zao. Mwaka 2023 waliingia kwenye tano bora za dunia kwa idadi ya simu walizouza, na hali kwao China simu hizo ni nadra kuonekana. Kwa hivyo swali la uvumbuzi, sisi wa huku tunafaa kuwauliza hawa.

Jibu langu ni kwamba walivumbua wakati ule walipokuwa wakitutazama, na siku hizi macho yao yako kwingine.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya Tecno kulikuwa na Nokia, na mimi kabla sijajua kusoma nilijua mulika mwizi. Jina lake la cheti lilikuwa Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003 na ikauzwa zaidi ya milioni 250 dunia nzima. Simu ya bilioni moja ya Nokia ilikuwa ya aina hiyo, na iliuzwa Nigeria mwaka 2005. Ukiishika unajua kabisa kuna mtu alikaa chini akafikiria mahali kama kwetu. Vibonye vilifunikwa na mpira mmoja ili vumbi lisiingie. Betri ilikaa siku kadhaa. Na pale juu kulikuwa na tochi.

Susu, nyanya yangu, alikuwa nayo. Kwake tochi ndiyo ilikuwa simu yenyewe, kupiga ilikuwa nyongeza. Alimulika zizi la mbuzi, alimulika nyoka, alimulika mgeni usoni kabla ya kuitikia hodi. Chaji ikiisha alimtuma mmoja wetu sokoni na shilingi ishirini, simu ikaachwa dukani ikachomekwa pamoja na nyingine kumi, tukaifuata jioni. Ukiniuliza kama mhakiki, mulika mwizi ndiyo kazi bora ya usanifu iliyowahi kufika Nuu, na hapo nimejumlisha makanisa.

Halafu Nokia wakalala. Hawakulala kwa kukosa maarifa, maana maabara walikuwa nazo nyingi. Kilichowapita ni kitu kidogo kilichokuwa kikifanyika mbele ya macho ya kila mtu: ukucha wa mjomba wangu.

Kufikia mwisho wa mwaka 2008 Kenya ilikuwa na kampuni nne za simu: Safaricom, Zain, Orange na Yu. Kupigia mtu wa mtandao mwingine ilikuwa ni kama kumlipia nauli. Vita vya bei vilipowaka Agosti 2010, Zain wakashusha dakika hadi shilingi tatu, watu wakanunua laini kama wananunua sukari. Kwetu kulikuwa na sababu ya pili: kilima. Upande mmoja unashika mtandao huu, upande wa pili unashika ule, kwa hivyo laini uliyotumia ilitegemea mbuzi wako wanalisha wapi. Mjomba alikuwa na simu moja na laini tatu, mbili zimefungwa kwenye karatasi ndani ya pochi. Akitaka kupiga, anazima simu, anafungua mgongo kwa ukucha, anatoa betri, anatoa laini, anaweka nyingine, anarudisha betri, anawasha, anangoja. Siku moja laini ilianguka kwenye ndengu zilizoanikwa. Tulizichambua mpaka magharibi.

Simu ya laini mbili ndiyo iliyoileta Tecno mjini na vijijini. Walianza kuiuza Afrika mwaka 2007. Sasa, mtu wa historia ya vifaa atakwambia hawakuibuni wao, na atakuwa sawa: kampuni ya Benefon ya Finland ilikuwa na simu ya laini mbili mwaka 2000. Finland! Nyumbani kwa Nokia! Ila Nokia wenyewe walingoja hadi mwaka 2010 ndipo wakatangaza za kwao, na Apple hadi 2018. Ujuzi ulikuwepo muda wote. Waliokosekana ni watu wa kumwangalia mjomba akihangaika na ule mgongo wa simu na kujisemea kwamba hiyo ni kazi ya kampuni, siyo ya ukucha.

Halafu ikaja kamera. Kwa miongo mingi filamu na kamera za dunia zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kodak walikuwa hata na kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakaiita Shirley, na rangi zote zikalinganishwa na sura yake. Sisi tukawa tunatokea kwenye picha za jioni kama meno yanayoelea. Tecno, hasa kwenye simu zao za Camon, walikusanya picha nyingi za nyuso za Kiafrika, wakafundisha kamera itafute uso kwa kufuata macho na meno, kisha iongeze mwanga bila kuichoma picha yote. Google walikuja na Real Tone yao mwaka 2021, dunia ikapiga makofi. Watoto wa Luthuli Avenue walikuwa wameshapiga selfi za usiku miaka kadhaa. (Kisha bila shaka mambo yakazidi. Simu nyingi za bei hiyo zikaanza kutung'arisha hata kabla hatujaomba. Binamu yangu kwenye picha za harusi moja alitoka mweupe karibu na shela.)

Laini mbili, betri ya kukaa, uso unaoonekana. Mambo matatu, na yote yalitoka kwa mtu aliyekuja huku, akakaa, akaona. Kwa hayo nawavulia kofia, na sisemi kwa kejeli.

Sasa tazama kilichofuata. Spark 10, Spark 20, Spark 30, Spark 40. Upande wa Infinix, Hot 30, Hot 40, Hot 50, Hot 60. Namba zinapanda kumi kumi kama nauli ya Krismasi, na ukiziweka mezani zikiwa zimezimwa, mwuzaji mwenyewe lazima asome sanduku. Septemba 2022 Apple walileta kile kidude cheusi kinachopanuka juu ya kioo, wakakiita Dynamic Island. Mwaka uliofuata Tecno walikuwa na Dynamic Port na Infinix walikuwa na Magic Ring. Hakuna mtu Nuu aliyeamka asubuhi akitamani hicho kidude. Kilikuwa tatizo la Apple, suluhisho la tundu ambalo Apple wenyewe walilikata kwenye kioo chao. Sisi tukanunuliwa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Mwaka 2019, wakati Transsion wanajiandaa kuingia soko la hisa la Shanghai, Huawei waliwashtaki kwa madai ya kunakili picha ya kupamba kioo. Sikiza hilo vizuri. Hawakudaiwa kunakili betri wala kamera. Ni ile picha ya nyuma unayoibadilisha siku ya kwanza ukaweka ya mtoto wako.

Kuna jambo zito zaidi, na hili halina utani. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream pamoja na BuzzFeed News walieleza kwamba simu za Tecno W2, zilizouzwa katika nchi kama Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zilizokuwemo tangu dukani. Zilifanya nini? Zilimwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua, zikala kredo na bando lake. Transsion walisema lawama ni ya mmoja wa wasambazaji kwenye mnyororo wao, kwamba wao hawakufaidi kitu, na kwamba walishatoa marekebisho. Sawa. Lakini fikiria ni nani hununua simu ya aina hiyo. Ni mtu anayeweka kredo ya shilingi kumi, na ikipotea anadhani amepiga simu akasahau. Kati ya wanunuzi wote duniani, huyo ndiye mwenye nafasi ndogo kabisa ya kugundua, na ndiye kampuni ilitajirika kwa kumwelewa.

Wakati huo huo, kwenye ile meza ya maonyesho mambo ni moto. Mwaka 2023 Tecno walizindua Phantom V Fold, simu ya kukunjwa, palepale Barcelona. India iliuzwa rupia 88,888, ambazo ni zaidi ya laki moja za Kenya. Kwetu hiyo ni zizi zima. Mwaka huo huo wakaonyesha kielelezo cha simu ambayo kioo chake kinajikunjua kama mkeka. Mwaka 2024, kielelezo kingine kinachokunjwa mara tatu. Mwaka 2025, Spark Slim yenye unene wa milimita 5.75. Jameni, milimita 5.75. Nani alilalamika kwamba simu yake ni nene? Watu ninaowajua mimi huinunulia simu kava nene ya mpira kabla hata ya kuiwasha, kwa sababu itaanguka, na itaangukia mawe.

Naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Xiaomi wamekuja, Samsung wameshusha bei za simu zao ndogo, na faida kwenye simu ya shilingi elfu kumi ni nyembamba kuliko hiyo Spark Slim. Kampuni inataka kuheshimiwa na wale wanaoandika kuhusu simu, na wale huandika kutoka Barcelona. Hata mwandishi anataka hivyo, mimi mwenyewe nikipata jarida la nje linilipe kwa dola sitakuwa nikiandika kuhusu zizi la Susu. Kwa hiyo siwahukumu kwa kutamani. Nasema tu kwamba kutamani kule kumechukua nafasi ya kutazama huku.

Rafiki yangu mmoja, anayetengeneza simu pale River Road na ameshika vifaa vingi kuliko mhakiki yeyote, aliniambia naongea kama mtu aliyeshiba. "Simu ya 4G kwa elfu kumi, betri siku mbili, unataka wavumbue nini tena? Bei ndiyo uvumbuzi." Ana hoja, na nimeibeba wiki nzima. Insha hii niliianza kwa simu ya bei hiyo hiyo, jina sitalitaja. Bila hizo simu nusu ya wanaosoma jarida hili wasingelisoma. Ila ukiangalia miaka ya karibuni, bei yenyewe imefanyiwa ujanja na watu wengine. Julai 2020 Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo, shilingi ishirini kwa siku. M-Kopa, walioanza kwa kukopesha taa za sola, wakahamia simu. Usipolipa, simu inajifunga. Hapo ndipo akili nyingi mpya za simu za bei ya chini zimeenda: kwenye kufuli. Na Oktoba 2023 serikali ikafungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, simu ikaanzia shilingi 7,499, hotuba zikatolewa. Nilitafuta jambo moja kwenye simu hiyo ambalo linaonyesha imeunganishwa Ukambani na sikulipata.

Narudi kwenye sola. Kilichoniudhi na ile simu ya Barcelona ni kumbukumbu. Agosti 2009 Safaricom waliuza hapa Kenya simu inayojichaji kwa jua. Iliitwa Simu ya Solar, ilitengenezwa na ZTE wa China, na bei yake ilikuwa shilingi 2,999. Iliuzwa, dukani, kwa mtu yeyote mwenye hizo elfu tatu. Haikudumu sana, na ilikuwa kabambe ya kawaida, lakini kuna mtu aliamini kwamba mnunuzi wa simu hiyo yupo na anaweza kutembea hadi kaunta akailipia. Miaka kumi na sita baadaye, kampuni inayoshika karibu nusu ya soko letu inaweka wazo lile lile mezani huko Uhispania, na paneli yenyewe inatoa kama wati mbili, na inaliita la kesho.

Kuna jambo jingine ambalo halijafika hata kwenye meza.

Uvumbuzi mkubwa kabisa uliowahi kuingia kwenye simu ya Susu haukutoka kwa mtengeneza simu. Ulipitia kwenye laini. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ilijengwa kwa namna ambayo mulika mwizi yenyewe iliiweza, bila intaneti, bila kioo cha kugusa. Mtoto wake aliye Mombasa akituma pesa, zinafika Nuu kabla hajakata simu. Hilo lilibadilisha kila kitu hapa kwetu, karo, dawa, bei ya mbuzi.

Lakini pesa hufika kwa maandishi, na Susu hajawahi kuingia darasani. Namba anazijua, za noti na za nyumba ya daktari. Herufi hazijui. Kwa hiyo kila ujumbe ukiingia anatafuta macho ya kuazima: mjukuu, jirani, mwenye duka. Na akitaka kutoa pesa, huyo mwenye macho lazima aongozwe mpaka mwisho, pamoja na namba ya siri. Kwa hesabu yangu, namba ya siri ya Susu inajulikana na watu sita. Mwaka juzi zilipotea elfu moja na mia tano. Siilaumu kampuni yoyote, mwizi ni mtu na labda alikula nasi Krismasi. Hakuna aliyeulizwa, kwa sababu kuuliza kungekuwa ni kutuuliza sote, lakini tangu siku hiyo kuna shangazi wawili wanaosalimiana kwa kichwa tu.

Sasa nionyeshe tofauti kati ya hilo na ukucha wa mjomba. Ni kero ile ile, mbele ya macho ya kila mtu, kwa mamilioni ya wazee. Na kusoma maandishi kwa sauti si sayansi ngumu. Simu janja zimefanya hivyo miaka mingi. Itel wenyewe huko India wanauza simu za vibonye zenye kitu kinaitwa King Voice, simu inamsomea mwenyewe ujumbe na jina la anayepiga. Kwa hiyo ufundi upo nyumbani mwao, kama vile laini mbili zilivyokuwa Finland. Nimezunguka maduka ya Mwingi nikiulizia simu ya vibonye inayoweza kumsomea mtu kwa Kikamba, au basi hata kwa Kiswahili. Kwenye duka la tatu kijana wa kaunta, mpole sana, alinishauri nimfundishe Susu a e i o u. Kisha akanionyesha nyingine yenye kamera nne.

Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani, ujumbe uliingia saa tatu usiku. Nilimwona Susu akija kabla sijamsikia, maana tochi ilitangulia, ikapita kwenye mlango, ikapita miguuni pangu, ikasimama usoni. Siku hizi ana simu ndogo ya laini mbili, anatumia moja. Alinipa. Nikamsomea: ni elfu mbili, kutoka kwa mjomba. Akasema nisome tena, pole pole, na nimwambie pia iliyobaki. Nikasoma.

"Sasa futa, mwana wakwa," akasema.

Nikamuuliza kwa nini, si ni zake. Akaangalia kule jikoni ambako wengine walikuwa bado wanaongea, akazima tochi.

"Futa tu. Na uniambie ukimaliza."